Je, Wajua? Miili Iliyochorwa Ili Itazamwe

Sogea karibu, msomaji, nina mambo ya kukupa. Kila mwili unaouona kwenye gemu, kwenye filamu au kwenye jalada la jarida, kuna mtu aliyeamua uwe hivyo: akaongeza hapa, akapunguza pale, akavua nguo hii, akavimbisha msuli ule. Maamuzi hayo yana visa vya ajabu kuliko gemu zenyewe. Haya, twende!

Je, wajua kwamba gemu ya video ya kwanza kuuzwa kibiashara kwa kutumbukiza sarafu, Computer Space ya mwaka 1971, ilitangazwa kwa picha ya mwanamke aliyevaa gauni la kulalia jepesi kiasi cha mwili kuonekana? Gemu yenyewe ilihusu roketi na visahani vya angani! Mwanamke hakuwamo ndani yake hata nukta moja.

Miaka 2 baadaye, 1973, kampuni ya Atari ikatoa Gotcha, gemu ya kukimbizana kwenye njia za kupoteana. Badala ya fimbo za kuchezea, waliweka makuba mawili ya mpira wa rangi ya waridi, yaliyotengenezwa yafanane na matiti, na mchezaji anayabonyeza ili asonge. Pong, gemu iliyoipa Atari jina, ilikuwa imetimiza takriban mwaka 1 tu! Umeona? Jambo hili lina umri uleule wa gemu zenyewe.

Sasa shika mwaka 1972, usiuachie. Mwezi Aprili, jarida la wanawake la Cosmopolitan la Marekani lilimchapisha mwigizaji Burt Reynolds akiwa uchi, amejilaza juu ya ngozi ya dubu, mkono mmoja ukisitiri palipotakiwa kusitiriwa. Nakala takriban milioni 1.5 zikaisha! Lakini mwenyewe alikuja kujuta, akiamini picha ile ndiyo iliyomkosesha Oscar kwa filamu yake ya mwaka huohuo, Deliverance.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, Playboy nayo ikatoka na picha za msichana wa Kiswidi aitwaye Lena. Nakala 7,161,561! Hakuna toleo la jarida hilo lililouzwa kuliko hilo, kabla wala baada. Na hilo bado si la kushangaza. La kushangaza ndilo linalofuata.

Mwaka 1973, wataalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Southern California walihitaji picha ya kujaribia mitambo yao. Mmoja akaingia na Playboy mkononi. Wakachukua sehemu ya juu ya picha, kuanzia mabegani, wakaiingiza kwenye kompyuta kwa nukta 512 kwa 512, na uso wa Lena ukawa kipimo cha wahandisi wa picha dunia nzima kwa takriban miaka 50. Vizazi vya wanafunzi wa kike walijifunza hesabu za picha wakitazamana na binti aliyekatwa kutoka kwenye jarida la wanaume!

Unadhani Lena alijua? Kwa miaka mingi hakujua lolote. Mwaka 1997 alialikwa kwenye mkutano wa wataalamu hao mjini Boston, akazungukwa na watu wanaotaka sahihi yake na kupiga naye picha. Baadaye akasema kwamba uanamitindo alikwisha kuustaafu zamani, na sasa ni wakati wa kustaafu teknolojia pia. Wakamsikia! Kuanzia tarehe 1 Aprili 2024, jumuiya ya kompyuta ya IEEE haipokei tena makala yenye picha hiyo.

Turudi kwenye gemu. Pac-Man wa 1980 ni duara la njano lenye mdomo, basi. Sasa niambie wewe: unalifanyaje duara liwe mwanamke? Ms. Pac-Man wa 1982 alipewa utepe kichwani, rangi ya mdomo na kidoa cha urembo shavuni, na dunia nzima ikaelewa!

Je, wajua kwamba yule mwanamke aliyetekwa na sokwe kwenye Donkey Kong ya 1981 hakuwa na jina? Aliitwa Lady tu. Jina Pauline alilipata baadaye, kutokana na Polly, mke wa mfanyakazi mmoja wa Nintendo huko Marekani. Na seremala aliyekuwa akipanda kumwokoa, ambaye mwanzoni aliitwa Jumpman, alipewa jina la mwenye ghala walilopanga: Mario!

Ngoja, bado. Mwaka 2013 mtengeneza gemu Mmarekani, Mike Mika, alikuwa akicheza Donkey Kong na bintiye wa miaka 3. Mtoto akauliza kwa nini yeye asiwe Pauline akamwokoe Mario. Baba akakesha akibadilisha nukta za picha, na mtoto akapata gemu yake: Pauline ndiye anayeruka mapipa, Mario ndiye anayeomba msaada kule juu! Gemu ilikuwa na umri wa miaka 32, na kumbe kuigeuza kulihitaji baba mmoja mwenye nia.

Na Pauline mwenyewe, unajua alifika wapi? Katika Super Mario Odyssey ya 2017, yeye ndiye meya wa jiji! Miaka 36, kutoka kwenye mikono ya sokwe hadi ofisi ya meya.

Kaa vizuri sasa, maana kisa hiki nakipenda mno. Mwaka 1986 Nintendo ilitoa Metroid. Shujaa wake, Samus Aran, amevaa deraya nzito kuanzia unyayo hadi utosi, na kijitabu cha maelezo cha Kiingereza kilimwandika kama mwanamume. Unapigana, unaruka, unaua wadudu wa angani, na moyoni unajua wewe ni dume la mbegu.

Ukimaliza gemu chini ya saa 5, Samus anavua kofia. Lo! Ni mwanamke! Wachezaji wa 1986 walipigwa na butwaa, na hadi leo watu wanasimulia walivyoshtuka. Lakini sikia mengine: ukimaliza chini ya saa 3, deraya yote inavuka na unamwona katika vazi la michezo linalobana. Chini ya saa 1, yuko kwenye bikini! Kadiri unavyokimbia ndivyo shujaa anavyobaki na nguo chache. Kazi kaifanya yeye, na zawadi ya mchezaji ni mwili wake. Hilo linanichoma kila nikilikumbuka, maana Samus ni miongoni mwa wahusika bora waliowahi kubuniwa.

Chun-Li wa Street Fighter II, 1991, umewahi kumchezea? Basi jua kwamba mmoja wa wakuu wa gemu hiyo, Yoshiki Okamoto, alisimulia kwamba alitaka mstari wa uhai wa Chun-Li uwe mfupi kuliko wa wengine, kwa hoja kwamba mwanamke ana nguvu kidogo. Mwenzake akakataa. Asingekataa, teke lile maarufu lisingefika mbali!

Na Lara Croft je? Huyu ana visa vya kujaza kapu. Alizaliwa mwaka 1996 mjini Derby, Uingereza, katika gemu ya Tomb Raider, na mchoraji wake ni Toby Gard. Mwanzoni alipangwa awe Mlatini wa Amerika Kusini, jina lake Laura Cruz! Kabla ya hapo, shujaa alikuwa mwanamume mwenye kofia, aliyefanana mno na Indiana Jones.

Gard alitaka mwanamke mwenye akili, fahari na asiyeshikika. Wauzaji wakataka kalenda. Lara akaanza kuonekana kwenye mabango na vichupi ambavyo ndani ya gemu hakuvivaa kamwe, na mwaka 1997, gemu ikiwa imeuzwa kwa mamilioni, Gard akaacha kazi. Aliacha utajiri mezani, ndugu yangu!

Wajua pia kwamba waliajiriwa wanadamu wa kumwakilisha Lara? Kampuni iliwavalisha wanamitindo kaptura na bastola mbili, mmoja baada ya mwingine kwa zaidi ya miaka 10, hadi wa mwisho, Alison Carroll, mwaka 2008. Mmoja wao, Nell McAndrew, alipopiga picha za Playboy mwaka 1999, watengenezaji walikwenda mahakamani kuzuia jina la gemu lisitumike kuuza toleo hilo. Mhusika wa kuchorwa alikuwa na wakili!

Mwaka 2013 Lara akaanza upya: suruali ndefu, matope, majeraha, kifua cha kawaida cha binadamu. Hadithi iliandikwa na mwanamke, Rhianna Pratchett. Walioapa kwamba hatauzika bila vile vichupi waliona wenyewe: ndiyo gemu iliyouza kuliko zote katika mfululizo wake!

Nikuulize jambo. Umewahi kuona gemu inayokuuliza umri wako, kisha ikaamua matiti ya wahusika yatikisike kiasi gani? Ipo! Katika Dead or Alive 2, ukiandika umri mkubwa mtikisiko unazidi, ukiandika umri mdogo unapungua. Kuna mtu aliyeketi kazini akakokotoa hesabu hiyo.

Metal Gear Solid V ya 2015 ina mdunguzi hodari aitwaye Quiet, naye vitani anakwenda na sidiria na soksi zilizotoboka. Sababu iliyotolewa na hadithi? Anapumua kwa ngozi, akivaa nguo atakosa hewa! Mtengenezaji, Hideo Kojima, alikuwa amewaahidi wakosoaji mwaka 2013 kwamba wakiijua sababu wataona aibu kwa maneno yao. Mimi nimeisoma sababu hiyo na bado nauliza: mbona mzee The End, mdunguzi wa gemu ya tatu ya mfululizo huohuo, anayeota jua kama mmea ili apate nguvu, yeye alivalishwa nguo zake?

Shikilia kiti. Mwaka 2013, waliouza Dead Island: Riptide walitangaza toleo maalumu lenye kisanamu cha kuweka sebuleni: kiwiliwili cha mwanamke katika bikini, hakina kichwa, hakina mikono, hakina miguu, kimejaa damu. Watu wakapiga kelele dunia nzima na kampuni ikaomba radhi. Toleo lenyewe liliitwa chambo cha mazombi!

Na kwenye maonyesho ya gemu ya E3 huko Los Angeles, wasichana waliovalishwa nusu uchi kusimama kando ya mashine walikuwa wengi mno, hadi mwaka 2006 waandaaji wakatangaza faini: dola 5,000 kwa kampuni itakayovunja masharti ya mavazi. Dola 5,000 kwa sababu ya nguo ambazo hazipo!

Tuziangalie tarakimu sasa, maana zinasema zenyewe. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani walipekua picha za wahusika kwenye majarida ya gemu yanayouzwa sana. Wanawake waliochorwa kwa namna ya kutamanisha: asilimia 60. Wanaume: asilimia 1! Wanaume wenyewe walichorwa wakali na wagomvi kwa asilimia 83.

Mwaka 2009, wengine walifanya sensa ya gemu 150, wakahesabu wahusika zaidi ya 8,000. Wanaume walikuwa asilimia 85. Dunia halisi ni nusu kwa nusu, na Marekani karibu nusu ya wanaocheza gemu ni wanawake. Kwenye skrini, wanawake wamehamia wapi?

Wanaume, msicheke bado, zamu yenu imefika!

Je, wajua G.I. Joe, yule mwanasesere mwanajeshi? Watafiti walimpima mwaka 1999, wakamkuza hesabuni awe mtu wa sentimeta 178. Yule wa 1964 mkono wake wa juu ulikuwa na mzingo wa sentimeta 31, mkono wa kijana wa kawaida. Yule wa miaka ya 1990, G.I. Joe Extreme, mkono wake ulifika sentimeta 68! Wanasesere wa namna hiyo, walisema watafiti, wamewapita mbali hata watunisha misuli wakubwa kabisa. Hicho ni kiuno cha mtu mwembamba, kimefungwa begani mwa mwanasesere ili mtoto wa kiume akitamani.

Batman naye hakuachwa. Katika Batman Forever ya 1995, mwongozaji Joel Schumacher aliagiza deraya ya Batman iwe na chuchu, kwa mfano wa sanamu za Kigiriki! Miaka 2 baadaye Batgirl alipoingia, deraya yake haikuwekewa. Hebu litafakari hilo unaponywa chai.

Geralt, mwindaji wa mazimwi wa The Witcher, aliigizwa na Henry Cavill kwenye televisheni mwaka 2019. Ili misuli ichomoze kwenye zile sekunde chache za kifua wazi, Cavill alipunguza maji siku hadi siku, na siku ya mwisho hakunywa kabisa. Alisema alifika hatua ya kunusa maji yaliyo jirani! Hugh Jackman alifanya vivyo hivyo kwa ajili ya Wolverine. Kwa hiyo ule mwili unaoutamani kwenye sinema, mwenyewe anao kwa saa chache tu, tena akiwa na kiu ya kufa.

Zac Efron alilipa zaidi. Kwa filamu ya Baywatch ya 2017 alitumia dawa kali za kukojoza maji mwilini, na baadaye akasimulia kwamba alikosa usingizi na kushikwa na sonona. Alisema wazi kwamba mwili ule hauonekani kama jambo linalowezekana. Kijana unayejipima kioo kila asubuhi, umemsikia mwenye mwili mwenyewe?

Sasa nakupa jaribio ninalolisimulia kila nikipata msikilizaji. Mwaka 1998, watafiti wa Marekani waliwaingiza wanafunzi mmoja mmoja kwenye chumba chenye kioo. Wengine walivaa sweta, wengine nguo ya kuogelea, kisha wakafanya mtihani wa hesabu vilevile walivyo. Hakuna aliyekuwa akiwatazama! Wanawake wa nguo ya kuogelea walipata alama za chini kuliko wale wa sweta. Wanaume hesabu zao hazikutikisika.

Usiondoke! Mwaka 2004 watafiti wengine walirudia, na safari hii wanaume walivalishwa zile chupi ndogo za kuogelea za Speedo. Hesabu zao nazo zikashuka! Kumbe ubongo wa mwanamume nao ukishughulishwa na mapaja yaliyo wazi, kujumlisha kunakuwa kazi.

Wanasaikolojia wanajua jambo hili: picha ya mtu ukiigeuza kichwa chini, ni vigumu kuitambua; picha ya kitu, kama nyumba, haina shida hiyo. Mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji na Marekani wakajaribu na picha za watu waliovaa chupi. Wanaume waliogeuzwa walitambulika kwa shida, kama watu. Wanawake walitambulika bila shida, kama vitu! Watafiti wengine walibisha, wakasema huenda ni ulinganifu wa picha tu, na mjadala haujaisha.

Chukua gazeti lolote lililo karibu nawe, ufanye jaribio hili mwenyewe. Mwaka 1983, Dane Archer na wenzake walipima picha 1,750 za magazeti na majarida ya Marekani: mwanamume huonyeshwa uso, mwanamke picha huteremka hadi mwilini. Wakapima magazeti ya nchi 11, ni vilevile. Wakapima michoro ya karne 6, ni vilevile! Kamera imekuta tabia ikiwa tayari imekomaa.

Barbie wa kwanza, 1959, unajua alitokana na nani? Na Lilli, mwanasesere wa Kijerumani aliyekuwa akiuziwa wanaume watu wazima kwa utani. Na mwaka 1965 ukatoka mkoba wa Barbie wa kulala kwa rafiki, ndani yake mna mzani uliogandishwa kwenye ratili 110, yaani kilo 50, na kijitabu cha kupunguza uzito. Ushauri wa nyuma ya kijitabu? Usile! Hicho ni kifaa cha kuchezea cha mtoto.

Fiji ndiyo iliyonikosesha usingizi. Huko mwili mnene ulikuwa sifa, kama kwetu ambako bibi akikuona umenenepa hufurahi na kumshukuru Mungu. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker alikuwapo. Mwaka huo, katika wasichana aliowahoji, hakuna hata mmoja aliyejitapisha ili apungue. Mwaka 1998, asilimia 11.3 walikuwa wakifanya hivyo, na asilimia 74 walisema wakati mwingine hujiona wanene mno. Miaka 3, msomaji! Walikuwa wakitazama tamthilia za Kimarekani, wakaanza kuchukia miili ambayo mama zao waliibariki.

Mkenya Lupita Nyong'o alifungua jalada la Grazia la Uingereza mwezi Novemba 2017, akakuta nywele zake zimefutwa. Fundo la nywele nyuma ya kichwa halipo, na zilizobaki zimelainishwa! Akaweka hadharani picha ya asili na ya jarida zikiwa pamoja, mpiga picha na jarida wakaomba radhi. Mwanamke mwenye Oscar kabatini, na bado mtu fulani aliona kichwa chake kinahitaji kusahihishwa.

Na Mtanzania Flaviana Matata je? Mwaka 2007 alipanda jukwaa la Miss Universe mjini Mexico City akiwa amenyoa nywele zote, akafika kumi bora! Jukwaa lilikuwa limejaa nywele za kumwagika mabegani. Yeye alileta kichwa chake.

Miss World wa kwanza, Kiki Håkansson wa Uswidi, alivikwa taji mwaka 1951 mjini London akiwa na bikini, na hakuna mwingine aliyevikwa hivyo tena. Raundi ya nguo za kuogelea yenyewe iliendelea hadi waandaaji walipotangaza kuifuta Desemba 2014. Hesabu mwenyewe: miaka 63!

Serikali nazo zimeingia. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, tangazo lenye mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa, la sivyo faini yaweza kufika yuro 37,500. Norwei ina sheria kama hiyo tangu Julai 2022, na inawagusa hata watu maarufu wanaolipwa kutangaza bidhaa kwenye kurasa zao.

Wachoraji wa katuni wana dawa yao, nayo inachekesha hadi mbavu ziume. Mwaka 2012 walianza kumchora Hawkeye, shujaa wa upinde wa Marvel, katika mikao ileile wanayochorwa mashujaa wa kike: mgongo umepinda, makalio na kifua vyote vinatazama upande mmoja! Ghafla kila mtu akaona kwamba uti wa mgongo wa binadamu haukubali.

Sasa tufike zama zetu. Abby wa The Last of Us Part II, 2020, ana mikono minene na mabega mapana. Watu wakaapa kwamba hakuna mwanamke mwenye mwili huo. Yupo! Mwili wa Abby ulichukuliwa kutoka kwa mwanamichezo wa kweli, Colleen Fotsch. Na Laura Bailey, aliyemwigiza, alitumiwa vitisho vya kuuawa, jambo la aibu kubwa.

Aloy wa Horizon Forbidden West, 2022, alilalamikiwa kwa kuwa na vinyweleo laini shavuni. Vinyweleo! Kila binadamu anavyo. Mchoraji alivichora kwa ustadi mkubwa, na kuna wanaume waliojifunza siku hiyo kwamba mwanamke ana vinyweleo usoni.

Mwaka 2014 Ubisoft walieleza kwamba Assassin's Creed Unity haikuwa na wahusika wa kike wa kuchezea kwa sababu ingebidi kufanya kazi maradufu ya mienendo na sauti. Jonathan Cooper, aliyewahi kuhuisha wahusika kwenye mfululizo huohuo, akajibu kwamba ni kazi ya siku 1 au 2! Na kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshatoa gemu ya Liberation mwaka 2012, ambayo shujaa wake ni Aveline, mwanamke mwenye asili ya Afrika.

Ellie wa The Last of Us ya kwanza, 2013, alinusurika kufichwa. Watengenezaji walitakiwa wamsogeze nyuma ya boksi la gemu, kwa hofu kwamba msichana kwenye jalada hupunguza mauzo. Ofisi nzima ikakataa, Ellie akabaki mbele, na gemu ikauzwa mamilioni. Nawapenda watu hao!

Mwaka 2012, Anita Sarkeesian aliomba michango ya dola 6,000 atengeneze video za kuchambua namna wanawake wanavyochorwa kwenye gemu. Wenye hasira wakamshambulia, hata ikatengenezwa gemu ya kumpiga ngumi usoni. Wachangiaji wakajibu kwa pochi zao: karibu dola 159,000! Na video akazitengeneza.

Habari njema ninayo pia, tena ya tarakimu. Watafiti wa Marekani walipitia wahusika wa kike 571 wa kuchezea, kuanzia gemu za 1983 hadi za 2014. Kuwachora kwa kutamanisha kulifika kileleni miaka ya 1990, na tangu 2006 kumekuwa kukishuka.

Na binti mfalme Zelda? Jina lake limekaa kwenye boksi la gemu tangu 1986, lakini aliyekuwa akishika upanga ni kijana Link. Mwaka 2024, baada ya miaka 38, Echoes of Wisdom ikamfanya Zelda kuwa shujaa mkuu, na mmoja wa waongozaji wake, Tomomi Sano, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza gemu ya mfululizo huo!

Nina moja la mwisho, tena ndilo tamu. Katika Rust, gemu ya kunusurika porini, huchagui mwili. Kompyuta inakupa rangi ya ngozi, sura na maumbile kutokana na namba ya akaunti yako, na umbo hilo halibadiliki. Mwaka 2016 wahusika wa kike walipoongezwa, maelfu ya wanaume walifungua gemu wakajikuta wanawake, porini, bila nguo, wakiwa na jiwe mkononi. Wengi wakalalamika kwa hasira. Mtengenezaji, Garry Newman, hakuwawekea mahali pa kubadilisha!